Mtoto mwenye selimundu kwenda Saanane: siku kwa siku

Ratiba hii ni ya mtoto wa darasa la pili au la tatu, kilo 22, mwenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu), anayetoka Sengerema kwenda Mwanza kutembelea Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria. Anatumia haidroksiurea na foliki asidi, dawa zake za kila siku, hajawahi kupata kiharusi, na wiki hizi mbili hajalazwa. Mwenye kikohozi, homa au maumivu ya tangu juzi anabaki nyumbani. Kisiwa hakihami.

JUMATATU: BARUA NA SIMU

Safari huanzia kliniki, si stendi. Kinachotafutwa pale ni barua, na barua nyingi huandikwa hivi: "Mtoto huyu ana ugonjwa wa selimundu, tunaomba apewe ushirikiano." Muhuri upo, sahihi ipo, lakini haina kazi. Askari wa hifadhi akiisoma atamwonea mtoto huruma, kisha atamwambia mama asubiri zamu yake kama wengine, maana hakuna mahali alipoambiwa afanye nini. Mwombe daktari au muuguzi ataje ugonjwa kwa mstari mmoja tu, halafu nafasi yote iliyobaki iende kwenye mambo ya kutendwa:

"Asikae juani zaidi ya dakika kumi mfululizo. Aruhusiwe kuingia na maji yake, na kwenda msalani kila anapoomba bila kusubiri. Asikimbie wala kupanda miamba. Asilowe, akilowa abadilishwe nguo hapo hapo. Akisema anaumwa mguu, mgongo, kifua au tumbo, matembezi yakatishwe na arudishwe nchi kavu kwa boti ya kwanza."

Kila sentensi ina sababu yake. Chembe nyekundu za mtoto huyu hujikunja kama mundu zikikosa hewa ya kutosha, na mwili ukipungukiwa maji mambo huharakika. Zikishajikunja hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Jua na kukimbia humkausha maji. Baridi ya ghafla, hata ile ya shati lililolowa kwenye upepo, hubana mishipa. Suala la choo ndilo watu hulidharau zaidi. Figo za mtoto mwenye selimundu hushindwa kubana mkojo, hivyo anakojoa mara nyingi na maji mengi, awe amekunywa au hajanywa. Mtoto anayeambiwa "subiri kidogo" mara mbili tatu huamua mwenyewe kuacha kunywa ili asiaibike. Kufika saa nane mchana keshakauka.

Kwenye barua hiyo hiyo, au nyuma yake, daktari aandike mambo manne: kundi la damu, Hb (kiwango cha damu) yake ya kawaida, bandama inafika wapi akiwa mzima, na dawa anazotumia na vipimo vyake. Hb ya kawaida ndiyo muhimu kuliko yote. Watoto wengi wa selimundu huishi na Hb ya 6 hadi 9, wanacheza na kwenda shule. Daktari wa zamu asiyemjua, akiona 7 kwenye karatasi, anaweza kukimbilia kumwongezea damu asiyoihitaji. Na akiona 7 kwa mtoto ambaye kawaida yake ni 9, anapaswa kushtuka. Namba peke yake bila ile ya kawaida haisemi kitu. Toa nakala tatu. Moja ya hifadhi, moja ya hospitali, moja ibaki mkobani.

Baada ya kliniki ni simu. Kosa la kawaida ni kupiga simu kwa rafiki wa rafiki anayefanya kazi utalii. Piga ofisi ya hifadhi yenyewe pale Capri Point, ndiko boti zinakoondokea, uombe kuzungumza na anayepanga boti. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo mhifadhi."

"Marahaba, mama."

"Nina mtoto wa selimundu, tunataka kuja Ijumaa. Naomba kujua kama siku hiyo kuna shule imeshajiandikisha."

"Ipo moja, saa nne."

"Basi tunaomba boti ya kwanza asubuhi kabla yao, na tuweze kurudi tukihitaji bila kusubiri kikundi. Jaketi okozi za watoto zipo?"

"Zipo."

"Za kilo ngapi?"

Swali la mwisho ndilo la kung'ang'ania. Ukiuliza kama zipo, kila mahali utaambiwa zipo. Ndani ya jaketi kuna lebo inayoonyesha uzito wa mvaaji. Kwa kilo 22 unatafuta ile inayofunika kati ya 20 na 30. Mwombe aangalie kabla hujakata simu. Uliza pia choo cha karibu na gati kisiwani kikoje, banda lenye kivuli liko umbali gani kutoka boti inapotia nanga, na malipo yanafanywaje. Kwa kawaida hupewi risiti ya mkononi: unatumiwa namba ya malipo ya serikali na kulipa kwa simu au benki. Lipa Alhamisi jioni. Asubuhi ya safari mtandao ukigoma, mtoto ndiye atakayesimama juani mkiwa mnahangaika na simu.

Waliozoea habari za bustani kubwa za burudani za Marekani, kama za Disney, watauliza kwa nini Saanane hakuna kadi maalumu ya mgonjwa. Hata kule kadi haitolewi ovyo. Disney hufanya mazungumzo ya video na familia, na wanaokubaliwa hupewa saa ya kurudi kwenye mchezo badala ya kusimama foleni. Tangu 2024 huduma hiyo wameielekeza kwa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji. Wengine huelekezwa kwenye utaratibu mwingine. Msingi wa maombi ni ule ule: unaeleza foleni inamfanya nini mtoto, siyo ugonjwa unaitwaje. Tofauti ni kwamba kwenye hifadhi ndogo kama ya kwetu, anayesikiliza maombi ndiye huyo huyo anayewasha injini. Ukishamweleza vizuri, umemaliza.

JUMANNE NA JUMATANO: MKOBA

Maji kwanza. Kwa kilo 22 hesabu ya kawaida ni kama lita moja na nusu kwa siku, na kwa selimundu siku ya matembezi unapandisha hadi lita mbili. Hiyo ni kikombe cha mililita 150 kila saa akiwa macho, au nusu kikombe kila nusu saa, ambayo watoto huimaliza bila ugomvi. Chukua chupa za mililita 500, uzichore mistari kwa kalamu ya wino mzito na kuandika saa pembeni: saa 2, saa 3, saa 4. Mtoto anayejua kusoma saa atakusimamia wewe. Maji yawe ya kawaida, si ya friji. Pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) zikae mkobani kwa ajili ya kuhara au kutapika, si kinywaji cha kila saa.

Dawa zigawanywe mara mbili, kwenye mikoba miwili inayobebwa na watu wawili. Mkoba ukisahaulika kwenye daladala, mtoto asikose haidroksiurea ya siku nne. Vidonge hivyo havihitaji friji. Kwa mtoto mdogo zaidi, wa chini ya miaka mitano, anayetumia penisilini V, mwombe mfamasia vidonge badala ya dawa ya maji, maana ile ya maji ikishachanganywa hutaka friji, na gesti nyingi friji iko kaunta karibu na bia. Dawa ya kukinga malaria aliyopewa na kliniki isirukwe. Ukanda wa Ziwa una mbu wa kutosha, na malaria kwa mtoto wa selimundu hushusha damu haraka.

Vingine: kipima joto kinachofanya kazi (kijaribu leo, betri hufa kimya kimya), parasetamoli, sweta, nguo mbili za kubadili, taulo, kofia, kitenge cha kulalia, mpira wa kufunika godoro, na chupa ya chai iliyojaa maji moto. Mpira wa godoro ni kwa sababu ya zile figo. Kukojoa kitandani kwa mtoto wa miaka minane mwenye selimundu si uvivu, na mwenye gesti akikuta mpira umetandikwa hana la kusema.

ALHAMISI: SENGEREMA HADI MWANZA

Zamani siku hii ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa ajili ya foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi: gari limezimwa, jua limesimama, na choo hakieleweki kiko wapi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe Juni 2025, kilomita tatu za maji zinavukwa kwa dakika chache. Panda gari la asubuhi. Kiti kiwe cha katikati, si juu ya injini panapochoma miguu, wala dirishani panapopiga upepo. Ongea na kondakta kabla ya kulipa nauli: "Kaka, mtoto wangu mgonjwa, anakojoa mara kwa mara. Nikikuita mnasimama?" Akikubali mbele ya abiria wengine, hao abiria ndio watakaokusaidia kumkumbusha.

Gesti ichaguliwe kwa mambo matatu tu: chumba cha chini kisicho na ngazi, maji ya moto ya kuoga, na chandarua kisicho na matundu. Kiyoyozi kizimwe. Mtoto akioga maji ya baridi usiku baada ya safari, maumivu ya miguu alfajiri hayatakuwa mshangao.

Jioni, kabla ya kulala, fanya mambo mawili. Mlaze chali, magoti yakunjwe, upapase bandama kwa vidole chini ya mbavu za kushoto, ujue leo iko wapi ili ikivimba uitambue. Halafu tafuta dereva wa bajaji mwenye simu inayopatikana, mkubaliane bei ya Capri Point ya asubuhi na bei ya dharura kwenda hospitali. Kliniki iwe imeshakuambia ukimbilie ipi: Bugando kilimani au hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure. Zote ziko mjini. Dereva aonyeshwe mlango wa wagonjwa wa dharura mapema, kwa sababu kuzunguka na mtoto anayelia kutafuta geti ni dakika kumi zilizopotea bure.

IJUMAA: SAANANE

Saa 12:30 asubuhi. Joto la mwili. Likiwa 38 au zaidi, hakuna boti leo. Ni hospitali, hata kama mtoto anaruka kitandani. Bandama ya watoto hawa mara nyingi haikingi tena dhidi ya vimelea, na homa ndogo inaweza kuwa maambukizi ya damu. Pima kabla ya kumpa parasetamoli, kwa sababu dawa huificha homa. Kisha dawa zake, uji, na kikombe cha kwanza cha maji.

Saa 1:45. Capri Point. Nakala ya barua inakabidhiwa kwa mhifadhi na nyingine anaonyeshwa nahodha, kwa sababu nahodha hakuwepo kwenye simu. Mwambie maneno mawili: asilowe, na tukipiga simu uje. Hakikisha namba yake umeipata na simu imeingia.

Jaketi livaliwe nchi kavu. Funga mikanda yote, pamoja na ule wa kati ya miguu, kisha mnyanyue mtoto kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. Akitumbukia litabaki juu na yeye atakwenda chini. Mtu mzima mmoja amnyanyue, mwingine ampokee botini; mtoto asiruke mwenyewe. Akae katikati, mgongo kwa upepo, kitenge magotini. Mbele ya boti ndiko watoto wanakotaka kukaa, na ndiko maji yanakorukia.

Safari yenyewe ni fupi, kama dakika kumi. Saanane ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, eneo la kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa kuwa hifadhi ya taifa 2013. Jina ni la mzee Saanane aliyekuwa mkazi wake. Udogo huo ndio unaoifaa safari hii. Mtoto anaweza kuona pimbi, tumbili, swala pala na kenge bila kutembea mbali, na hakuna sehemu ya kisiwa ambapo boti iko mbali mno.

Saa 2:15 hadi saa 4. Hizi ndizo saa za kutembea. Njia iwe ya tambarare, dakika ishirini za mwendo kisha dakika kumi za kukaa kivulini, na maji kila mnapokaa. Kilele cha miamba kina mandhari nzuri sana ya ziwa na mji, na hapo ndipo mwongozaji atakapotaka kuwapeleka kwa nia njema kabisa. Barua imeshasema. Mkumbushe kwa upole, umwombe awape muda mrefu zaidi kwa pimbi, ambao hulala juu ya mawe wakiota jua na hawana haraka ya kuondoka. Watoto huwapenda kuliko unavyodhani. Ukingoni asiingize miguu majini: pana mamba, pana baridi, na pana kichocho.

Tumbili hunyang'anya chakula. Karanga na ndizi zifunguliwe bandani tu, mgongo ukiwa ukutani.

Saa 4 na kuendelea, kikundi cha shule kinapofika, kaeni bandani. Kelele na mbio za wenzake ndizo zitakazomfanya asahau kwamba hakimbii. Mpe kazi ya kukaa: kuhesabu boti, kuchora kenge. Ondokeni kabla ya saa 6, kwa sababu upepo wa ziwa huchachamaa mchana na mawimbi nayo.

Maumivu yakianza kisiwani, usimuulize "unaumwa sana?" Mwambie aonyeshe kwa vidole, kimoja hadi kumi. Mpigie nahodha hapo hapo. Usisubiri dawa ifanye kazi kwanza. Wakati boti inakuja, mlaze kivulini, mfunike, mpe maji, na parasetamoli ya miligramu 330, yaani 15 kwa kila kilo, isirudiwe kabla ya kupita muda wa saa sita. Mimina maji ya moto ya chupa ya chai kwenye chupa ya plastiki yakiwa vuguvugu, uifunge kwa taulo, uiweke panapouma. Barafu ni mwiko, ingawa mtu yeyote atakayepita atakushauri hivyo, maana wamezoea mguu ulioteguka. Vidole vikiwa saba na kwenda juu, au vikibaki vile vile nusu saa baada ya kufika nchi kavu, ni hospitali.

Kuna dalili ambazo hazina vidole wala kusubiri: kifua kuuma au kuhema haraka, mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea, kusema kwa shida, viganja kuwa vyeupe ghafla huku tumbo la kushoto likijaa, na uume kusimama kwa maumivu usishuke. Hili la mwisho wavulana hulificha. Mwambie kabla ya safari kwamba ni la kusema mara moja na si aibu. Ikitokea mojawapo, bajaji ile ya jana.

JUMAMOSI: KUPUMZIKA, LABDA BUJORA

Maumivu mengi hujitokeza kesho yake, kwa hiyo asubuhi hii haina ratiba. Joto, bandama, dawa, maji, kulala hadi atakapoamka mwenyewe.

Akiwa mzima kufikia saa nane mchana, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yanafikika kwa gari kwa barabara ya Musoma. Kuna ngoma za watemi, nyumba za asili, na vivuli vya miti. Vyumba vya maonyesho huwa na ubaridi ukitoka juani, kwa hiyo avae sweta. Ziepukwe siku za Bulabo, sherehe za mwezi Juni. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, ni mazuri, lakini umati unasukumana, vumbi linapanda, na choo kina foleni. Ukifika siku ya kawaida na kumwamkia mlinzi kwa Kisukuma, kisha ukamwonyesha barua, kiti kitatafutwa.

JUMAPILI: KURUDI

Gari la asubuhi, kiti cha katikati, kondakta yule yule kama yupo.

Nyumbani, andika kwenye daftari la kliniki alivyokunywa, alivyokojoa, alipoumwa na dawa alizopewa. Kwa wiki tatu zijazo homa yoyote ipimwe malaria siku hiyo hiyo, na mwambie daktari kwamba mtoto alilala Mwanza. Kama miguu iligusa maji ya ziwa licha ya yote, apimwe choo baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa kichocho cha mwambao huu zaidi ni kile cha tumbo. Na ukiona damu kwenye mkojo wakati wowote usiinunulie dawa ya kichocho dukani. Kwa mtoto wa selimundu inaweza kuwa ni figo zenyewe, na hilo linaamuliwa kwa kipimo, kliniki.